Mbunifu wa ndani na mpambaji: mpaka uko wapi?

Ukitaja "mpambaji" Mbeya mjini, wengi wanawaza ukumbi wa harusi: vitambaa, maua, viti vilivyovishwa. Ukitaja "mbunifu wa ndani", wanamwaza mtu yuleyule, ila amepandisha bei. Mimi naona hapo ndipo wenye nyumba wanapoumia.

Mpambaji ana kazi yake, na ni kazi ya ustadi. Anachagua rangi, mapazia, zulia, anapanga makochi. Ukivichoka unaviondoa, nyumba inabaki ilivyokuwa. Mbunifu wa ndani anagusa visivyoondoleka kirahisi: ukuta upi uvunjwe, mlango ufunguke upande gani, waya upite wapi, hewa iingilie wapi, watu watoke vipi moto ukiwaka. Akikosea, kosa linazibwa kwa plasta na kupakwa rangi, kisha linakaa humo na familia.

Chukua jiko la gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi darini. Inatambaa sakafuni na kutuama. Tundu la hewa la juu, lile tulilozoea kwa ajili ya moshi, haliitoi. Inatakiwa njia ya hewa chini kabisa, usawa wa sakafu, inayotokea nje. Sasa anakuja mtu wa makabati, anapiga ubao wa chini kuanzia kona hadi kona ili jiko lipendeze, tundu linazibwa, na mtungi wa kilo 15 unafungiwa ndani ya kabati. Kwa macho, kazi ni safi. Mbunifu angeanza na swali la mtungi unakaa wapi, ikiwezekana autoe nje ya ukuta, ndipo achore makabati.

Au dari la jipsamu, ambalo kwenye baridi yetu linanung'unikiwa kila mwaka kwa kupasuka. Bodi moja ina mita 1.2 kwa 2.4. Ukipanga mbao za kubebea kila milimita 400, kingo zote za bodi zinaangukia katikati ya ubao, kwa sababu 1,200 na 2,400 zinagawanyika kwa 400. Fundi akitanua hadi 500 ili kuokoa mbao, ukingo wa milimita 1,200 unaning'inia milimita 200 nje ya ubao wa 1,000. Kiungo hicho hakina pa kushika skrubu. Kitapasuka, na utaambiwa jipsamu ni feki.

Sababu ya pili ya kupasuka ni mbao zenyewe. Tuko jirani na misitu ya paini ya Sao Hill, Mafinga, basi ubao unatoka mashineni leo, wiki ijayo uko darini, mbichi. Paini huanza kusinyaa unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 28 au 30 hivi. Ubao uliopasuliwa kwa upande unaosinyaa zaidi, wenye upana wa milimita 200, ukishuka kutoka asilimia 28 hadi 12 unapungua karibu milimita 8. Hakuna puti inayoziba hiyo. Kama huna kipima unyevu, kata kipande mbali na ncha ya ubao, kipime kwa mizani ndogo, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 103 mpaka uzito usipungue tena, upime upya. Tofauti igawe kwa uzito mkavu. Gramu 120 zikibaki 100, unyevu ulikuwa asilimia 20: bado, hasa kwa kabati na milango, vinavyotaka 10 hadi 12. Mbao zipangwe chini ya paa, zikitenganishwa kwa fito za milimita 25, upepo upite katikati. Maelezo haya yanapaswa kuandikwa kwenye mchoro, siyo kuachiwa huruma ya fundi.

Ukuta nao. Kuvunja ukuta ili sebule iungane na chumba cha kulia ni ombi la kila siku siku hizi. Ukuta wa tofali za kuchoma unaweza kuwa ndio unaobeba paa, na Mbeya ipo kwenye Bonde la Ufa, ardhi hutikisika. Hapo hata mbunifu wa ndani mwenyewe anatakiwa asimame, amwite mhandisi. Kuujua mpaka wako ni sehemu ya taaluma.

Kisheria jambo hili si geni. Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya ile ya 1997, inaiwezesha Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi kusajili pia fani zinazoambatana nazo, wabunifu wa ndani wakiwemo. Chuo Kikuu Ardhi kinatoa shahada ya fani hii. Kwetu huku kuna MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, inayofundisha usanifu majengo, lakini kijana wa Tukuyu au Makambako anayetaka ubunifu wa ndani wa shahada hiyo anapanda basi kwenda Dar es Salaam, na naliona hilo kama pengo la kusikitisha.

Wenzetu Marekani walivutana sana. Jimbo la Alabama lilikuwa la kwanza kulinda jina la mbunifu wa ndani, mwaka 1982. Baadaye likaenda mbali zaidi na kuzuia kazi yenyewe kwa asiye na sifa, kwa maneno mapana mno, na mwaka 2007 mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta sheria hiyo. Naiunga mkono mahakama. Anayechagua mito na mapazia hahitaji leseni. Anayegusa umeme, gesi, ukuta na njia ya kutokea ndiye anayepaswa kuwajibika kwa jina na muhuri.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwombe michoro, siyo picha za kwenye simu. Ramani ya sakafu kwa kipimo cha 1:50. Mchoro wa dari unaoonyesha taa na mbao. Mchoro wa umeme wenye ukubwa wa waya: kwa kawaida milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na jiko la umeme laini yake peke yake. Vipimo vya makabati kwa 1:20. BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na gharama zake. Kisha muulize namba ya usajili, na uihakiki kwa bodi. Akikuletea picha nzuri tu na sampuli za rangi, mlipe kama mpambaji, na usimpe nyundo.