Abiria kaniuliza kama naelewa redio ninayosikiliza

Wakuu habari zenu. Jana nimekasirishwa na mpaka leo kifua bado kinanibana, acha niandike nipumue. Nimembeba mzee mmoja kutoka uwanja wa ndege wa Reagan hapa Washington anaenda Bethesda, mtu wa suti, mstaarabu, kakaa nyuma kimya. Redio yangu iko 88.5 kama kawaida, WAMU, redio ya umma ya mji huu, wanajadili riba na benki kuu ya hapa. Tunakaribia kuvuka mto ananiuliza kwa upole kabisa, hivi wewe unaelewa wanachoongea hapo au unaiacha tu ipige kelele? Nikamwambia naelewa. Akasema oh, safi sana, akarudi kwenye simu yake.

Hajanitukana, bakshishi kaacha nzuri tu. Lakini kauli kama hiyo inakaa mwilini siku nzima. Yaani mtu ameangalia kisogo changu akaamua kwamba mazungumzo ya watu wazima kuhusu uchumi wa nchi ninayolipa kodi hayanihusu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba ameniuliza hivyo kuhusu kitu pekee hapa Marekani ambacho hakijawahi kuniuliza kama naelewa. Redio hii inaongea na wewe ikiamini una akili, basi. Haikujui una lafudhi gani wala una karatasi gani.

Mimi naishi nayo. Nikiwasha gari alfajiri nakuta Morning Edition, kipindi cha tangu 1979, saa ikigonga taarifa ya habari ya dakika chache halafu wanaendelea na maongezi. Baadaye inakuja 1A, hiyo inatengenezwa hapahapa WAMU, wanaweka mada moja mezani wanaichimba, wasikilizaji wanatuma maoni, na Ijumaa waandishi wanakaa kuchambua wiki nzima, saa moja mambo ya ndani saa moja mambo ya dunia. Kuna Here & Now kutoka Boston, kuna Fresh Air ya kule Philadelphia ambayo Terry Gross yuko nayo tangu 1975, huyo mama anamhoji mtu mpaka unajisikia mmekaa watatu. Saa kumi jioni ndo All Things Considered, iliyoanza Mei 1971, hapo mimi niko kwenye foleni ya Beltway, barabara inayozunguka mji, na foleni sioni. Usiku wa manane wanakuachia BBC. Siku nzima watu wanaongea, hakuna tangazo la kubeti, hakuna mtangazaji anayecheka mwenyewe dakika kumi na mwenzake, wale mnaosikiliza redio zetu za asubuhi mnanielewa.

Kuna siku kwenye kipindi kimoja mama alipiga simu, anamuuguza mumewe aliyepoteza kumbukumbu, akaongea kidogo akashindwa, akaanza kulia hewani. Mtangazaji hakumkatiza. Hakuweka wimbo. Alinyamaza, unasikia tu yule mama anavuta pumzi, kisha akamwambia taratibu, tupo, chukua muda wako. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, gari nimeshazima, redio nimeiacha inaongea, sikushuka mpaka mama amemaliza. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo redio ilivalishwa koti la ngozi na betri zikiisha nguvu zinaanikwa juani, najua redio ni nini kwenye maisha ya mtu, lakini ukimya wa namna ile sikuwahi kuusikia.

Nilipofika huku Marekani, kwenye vipindi vya asubuhi alikuwa bado yupo Diane Rehm. Huyu mama aliingia WAMU mwaka 1973 kama mtu wa kujitolea, akaja kupata kipindi chake, halafu akapata maradhi ya sauti, ikawa inatetemeka na kukatikakatika. Hawakumtoa. Ameongoza mijadala kwa sauti hiyohiyo mpaka mwisho wa 2016, nchi nzima inamsikiliza. Na mchana alikuwepo Kojo Nnamdi, mzaliwa wa Guyana, lafudhi yake ya nje anayo na hajaificha, akiwabana wakubwa wa mji huu kwenye The Kojo Nnamdi Show, kipindi kilichoisha 2021. Mimi kila nikimsikia Kojo nilikuwa nakaa vizuri kwenye kiti.

Faida nyingine ni za mfukoni kabisa. Kwamba dirisha la kujiandikisha bima ya afya ya Obamacare linafunguliwa Novemba 1 na likishafungwa bila sababu maalumu unasubiri mwaka unaofuata, sikuambiwa na ndugu yeyote, nimelisikia redioni. Kwa nini mkopo wa gari unapanda, haki za mpangaji, namna ya kubishana na bili ya hospitali (bili ambayo ukiibadili kwa shilingi unaweza kuzimia), vyote redioni. Wabongo wenzangu hapa wananicheka eti nasikiliza redio ya wazee wa kizungu. Haya, lakini bili zikiwachanganya simu inayoita ni yangu.

Sasa kinachoniumiza. Sheria iliyoweka hela ya serikali kwenye redio na televisheni za umma ilisainiwa na Rais Johnson mwaka 1967. Julai 2025 Bunge likafuta dola bilioni 1.1, bajeti ya miaka miwili, na Agosti shirika lililokuwa linagawa hela hizo likatangaza linafunga. NPR yenyewe, mtandao wa kitaifa wa redio hizi za umma, ilikuwa inapata moja kwa moja kama asilimia 1 tu ya bajeti yake, wanaokandamizwa ni stesheni ndogo za vijijini, za Alaska huko, ambako redio ndo hiyohiyo. Na miezi michache kabla, Machi, wafanyakazi wa Sauti ya Amerika wakapelekwa likizo ya lazima, Idhaa ya Kiswahili iliyoanza 1962 ikanyamaza. Bibi na babu zetu walijua habari za dunia kupitia idhaa hizi jamani.

Ndo maana wiki ya michango ikifika, pale watangazaji wanaposimamisha vipindi kuomba hela, mimi sibadilishi stesheni. Nachangia kidogo kila mwezi, inakatwa yenyewe. Hakuna anayekulazimisha, usipotoa unasikiliza vilevile, na bado watu wanatoa. Hilo la hapa nalisifu bila kificho.

Lawama yangu ni Afrika. Unaweza kusikiliza tangu giza la asubuhi mpaka giza la jioni hatujatajwa, na tukitajwa ni vita, ugonjwa au tembo. Nilikuwa nafurahi akiingia Ofeibea Quist-Arcton, mwandishi Mghana wa NPR, anavyomaliza taarifa kwa kulivuta jina la mji alioko, Dakaaaar, yule alileta watu wenye majina na vicheko. Tunahitaji wengi wa aina yake.

Kwa nyie mliopata DV, ile viza ya bahati nasibu, au mnaokuja kusoma, msisubiri mtue. Sikio ndo linalosumbua huku kuliko sarufi, mtu ana kizungu cha chuo kikuu na kwenye intavyuu ya kazi anasema samahani rudia mpaka wanamchoka. Anzeni sasa hivi, mtandaoni ni bure, andika WAMU au NPR utaipata moja kwa moja. Miezi yao ya joto Morning Edition inaanza saa 6 mchana ya Bongo na All Things Considered saa 5 usiku, wakirudisha saa nyuma Novemba ongeza saa moja. Kama bando linabana pakua vipindi vilivyorekodiwa ukiwa kwenye waifai, sikiliza mara mbili kipindi kilekile, mara ya kwanza usijali ulichokosa.