Premio na baridi ya Njombe: ubani umenionyesha linapovuta upepo

Leo saa 12 na robo asubuhi, nje nyuzi 8, nimepiga stata mara moja tu. Limewaka, mshale wa mizunguko ya injini umepanda karibu na 1,500, ukakaa hapo, kisha ukawa unashuka taratibu kadiri maji yalivyopata moto. Hakuna kutetemeka. Nimebaki nimeng'ang'ania usukani kama mtu anayesubiri kofi ambalo halijafika.

Kwa aliyekosa kumbukumbu za nyuma: gari ni Toyota Premio ZZT240 ya 2003, injini 1ZZ. Tangu mwisho wa Mei, kila alfajiri linawaka kwa kujivuta, linamisi (silinda inaruka bila kuchoma mafuta), mshale unacheza kati ya 600 na 1,100, kioo cha pembeni kinatikisika mpaka kinatoa picha mbili. Dakika nne au tano baadaye linatulia, utadhani si lenyewe. Mzee jirani alishaniuliza: "Kijana, hilo gari au mashine ya kusaga?"

Hizo dakika nne ndizo zilizonitesa. Kutoka nyumbani hadi gereji ni robo saa. Nikifika, fundi anafungua boneti, anasikiliza, ananiangalia kwa huruma: "Kaka, gari zima hili." Na alikuwa anasema kweli! Likishapata moto halikuwa na tatizo. Mara mbili nimerudi nyumbani nikijiona mzushi.

Pesa nilizotupa nazitaja haraka, zinauma. Plagi mpya, na zile za zamani zilikuwa bado na pengo la milimita 1.1 safi kabisa. Kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini) na vali ya sailensi (inayoshika mzunguko wa injini usipokanyaga). Kuosha nozeli. Sensa ya joto la maji niliipima kwenye sufuria kabla ya kuinunua, angalau hapo nilitumia akili: kwenye maji ya nyuzi 20 ilisoma omu 2,400 na kitu, nikairudisha. Koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, nilizihamisha. Nikichomoa ya silinda ya kwanza gari likiwa na baridi, mlio haubadiliki, maana yake silinda hiyo haifanyi kazi. Nikaweka koili ya tatu pale kwenye ya kwanza, misi ikabaki palepale. Kwa hiyo tatizo si cheche.

Fununu ya kwanza ilitoka Dar, nilikoenda msibani wiki nzima. Asubuhi zote saba liliwaka kama jipya. Wenzangu wakaniambia ni mafuta ya huku juu. Mimi nilikuwa nimeshuka na tanki la Njombe, na siku mbili za kwanza niliwasha kwa mafuta hayohayo. Kwa hiyo si mafuta, ni baridi.

Fununu ya pili imetoka kwenye kile kidude cha bluetooth cha bei ya chee kinachosoma kompyuta ya gari. Nimekitukana sana humu, na bado nasema kinakata mawasiliano kila kinapojisikia, ila siku hiyo kilishika. Sensa ya oksijeni ilipoanza kufanya kazi, kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta asilimia 22. Nikikanyaga hadi 2,500 inashuka chini ya 10. Injini ikipata moto, asilimia 3. Hapo hata mtoto angejua kuna upepo unaingia bila kupita kwenye kipimo cha hewa, na tundu linajiziba kwa joto.

Lakini liko wapi? Nilipuliza dawa ya kabureta (tundu likiivuta, mlio hubadilika) kila kona ya manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda; mlio haukubadilika. Nikalala na hasira.

Basi nikatengeneza mashine ya moshi. Kopo la rangi la lita 4, mkaa, ubani wa mama watoto, pampu ya kujazia godoro la upepo, na pamba ya chuma kwenye tundu la kutokea ili cheche zisiende kwenye injini. Mpira nikauchomeka kwenye bomba la vakyumu la breki, throto nikaiziba kwa glavu. Jaribio la kwanza nilifanya jioni, injini ya moto: moshi ulitoka kwenye kijiti cha oili na kwenye ekzosi, kwingine hakuna kitu. Jaribio la pili saa 11 na nusu alfajiri, tochi mdomoni. Mama watoto akachungulia dirishani: "Baba, unalizindika gari?"

Sikumjibu, maana nilikuwa nimeuona. Uzi mwembamba wa moshi, chini kabisa ya shingo ya manifoldi inayoingia silinda ya kwanza, upande ambao dawa ya kabureta isingefika hata ningemaliza kopo zima.

Kwenye 1ZZ manifoldi iko mbele, upande wa rejeta, kwa hiyo kuifungua si adhabu. Adhabu ni nati za chini, unazifungua kwa kupapasa. Moja iliangukia kwenye ngao ya chini ya injini, dakika 40 zikaenda. (Yale masanduku ya spana vipande mia na kitu: racheti yake ni nene mno kwa kazi hii. Nunueni racheti moja nzuri yenye shingo inayokunjika.) Gasketi ya mpira ilikuwa imekauka na kulala bapa, nilipoikunja ikavunjika kama biskuti. Fundi alishauri nipake silikoni, nikakataa. Manifoldi ni plastiki, gasketi ina mfereji wake, silikoni ingekuwa kazi ya kurudia mwezi wa tisa. Nimeweka gasketi mpya, nikakaza kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda nje.

Niliahidi kwamba Jumamosi hii ningefungua kichujio cha VVT (mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka) na kuanza kupima oili inayoliwa. Itasubiri, kwanza naboresha mashine ya moshi. Kopo la ubani linachafua na moshi wake hauna nguvu. Nataka moshi wa oili nyepesi ikichomwa na hita plagi, ile inayopasha injini ya dizeli kabla ya kuwaka, kwa betri. Mchana nimepita gereji kuulizia moja ya zamani. Fundi kaniangalia tena kwa ile huruma: "Kaka, si gari lako la petroli?"