Alama ya kutoa

Juzi jioni binti yangu, akiwa ameshika waya wa pasi, aliniuliza kwa nini umeme unapita kwenye shaba na haupiti kwenye plastiki iliyoifunika. Nilimjibu kwamba elektroni za plastiki zimefungwa, haziwezi kutembea; akaridhika na kuendelea kunyoosha sare yake. Mimi ndiye niliyebaki na swali, kwa sababu lilinirudisha sebuleni kwa mama, Rau, Julai ile ya mgao wa umeme, nikiwa na kompyuta ya kuazima na tasnifu isiyokwisha.

Tasnifu yenyewe ilihusu vitu ambavyo jibu nililompa binti yangu haliviwezi. Mwaka 1937 wanafizikia de Boer na Verwey walionyesha kwamba oksidi ya nikeli, ambayo kwa nadharia ya bendi, inayohesabu kila elektroni kana kwamba haiwajali wenzake, ingepaswa kupitisha umeme, haipitishi. Mott na Peierls wakasema mwaka huohuo kwamba kisa ni elektroni kusukumana zenyewe kwa zenyewe. Mama, ambaye ana vyumba vya kupangisha uani, nilimweleza kwa lugha ya vyumba: kila chumba kina mpangaji mmoja, na anayetaka kuingia kwa mwenzake hutozwa faini kubwa. Alielewa upesi kuliko wanafunzi wenzangu. "Basi hapo nani atahama?" akauliza. Huo ndio mfano wa Hubbard wa mwaka 1963, ukiondoa hesabu zake.

Hesabu zake ndizo zilizoninyima usingizi. Pete ya vituo 8, ndivyo vyumba vyenyewe, yenye elektroni 8, nusu spini zao zikielekea juu na nusu chini, ina mipangilio 4,900. Ya vituo 12 ina 853,776. Kohn alikwisha kuonyesha mwaka 1964 namna ya kupima upitishaji kwenye pete ya aina hiyo: unapitisha fluksi ndogo ya sumaku, yaani nguvu kidogo ya sumaku, katikati yake, kisha unatazama nishati ya hali ya chini kabisa inapinda kiasi gani. Katika kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, mpindo huo hufifia kuelekea sifuri kadiri pete inavyokua.

Ilikuwa saa tisa usiku. Umeme ulikuwa umerudi kwa muda, mbwa wa jirani wamenyamaza, na baridi ilikuwa ya kukaa na blanketi mabegani. Namba ya mpindo wa pete ya vituo 8 ikatokea kwenye kioo, na mbele yake alama ya kutoa. Niliitazama nikidhani ni vumbi, na kwa kweli nilipitisha kidole juu ya kioo. Nikakagua mbinu ya Lanczos, ile inayotafuta nishati ya chini kabisa, mstari kwa mstari, nikaendesha programu upya, alama ikarudi. Mama akatokea mlangoni na kanga yake begani.

"Umepata, baba?"

"Nimepata hasi, mama."

"Hasi si ndiyo deni? Nani anakudai?"

Sikuwa na jibu. Alipokwenda kulala nilifungua jedwali, nikaandika namba ileile bila ile alama, nikazima kompyuta kabla umeme haujanizimia. Nilijiambia kwamba nimekosea mahali fulani na kwamba ukubwa wa namba ndio wenye maana.

Miezi mingi baadaye, kitabu kikiwa kimekwisha kufungwa na kupelekwa maktabani, nilisoma makala ya Stafford, Millis na Shastry ya mwaka 1991. Pete iliyojaa nusu, yaani yenye elektroni sawa na idadi ya vituo, na vituo hivyo vikigawanyika kwa 4, hutoa hasi: fluksi inapokuwa sifuri, nishati yake iko kileleni badala ya bondeni. Ukifanya wimbi la elektroni ligeuze alama kila elektroni inapomaliza mzunguko, bonde hurudi mahali pake. Na pete ya vituo 10 haina tatizo hilo tangu mwanzo. Programu yangu ilikuwa imesema kweli, nami nikaisahihisha.

Nilimwandikia msimamizi wangu. Akajibu kwamba hitimisho halibadiliki, kwa kuwa mpindo unakwenda sifuri ukitokea upande wowote. Alikuwa sahihi, jambo ambalo halikunisaidia.

Mama naye, kila akiniona nimekaa kimya kwa muda mrefu, huuliza kama lile deni nilimaliza kulipa. Humwambia lilikuwa dogo.