Magneto moja, elektroniki moja

Mi nasema wazi, kwa injini ndogo ya ndege huu mchanganyiko wa mifumo miwili ya cheche, magneto moja na elektroniki moja, ndo naupenda kuliko yote. Kila silinda ina plagi mbili za cheche, kila moja na mfumo wake, kawaida magneto, kwahiyo unatoa magneto moja unaweka ya elektroniki, nyingine unaiacha hapo hapo. Magneto inajitengenezea umeme yenyewe, haijui betri wala altaneta, umeme wote wa ndege ukizima injini bado inanguruma, na hilo kwangu ni kubwa sana.

Shida yake taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, imefungwa, mara nyingi digrii 20 au 25 kabla pistoni haijafika juu, uwe chini au futi 10,000 ni ileile tu. Elektroniki inasoma presha ya manifoldi (bomba la kuingiza hewa kwenye injini) na mzunguko wa injini, ukiwa juu hewa nyepesi inawahisha cheche, mafuta yanaungua vizuri, halafu kuwasha asubuhi ni rahisi jamani!

Ila ukipima kabla ya kuruka usishtuke, ukizima elektroniki mzunguko unashuka zaidi kuliko ukizima magneto, ni kawaida. Na ile magneto iliyobaki bado inataka kufunguliwa na kukaguliwa kila masaa 500, usiisahau.