Mbao zangu ndizo zilizozuia gari la zimamoto

Karakana yangu ya fenicha iko Majengo, Moshi, ndani ya kichochoro chenye fundi wa kuchomelea, genge la mboga, fremu tatu na nyumba za kupanga. Iliungua. Haikuteketea yote, ila banda la kukaushia mbao, milango kumi na mmoja ya mteja na mashine ya randa vilikwenda.

Chanzo kilikuwa cheche. Jirani alikuwa akikata chuma kwa grenda jioni, cheche zikaruka ukuta wa mabati zikatua kwenye rundo langu la maranda. Maranda hayalipuki kama petroli. Yanafukuta ndani kwa ndani kwa saa kadhaa, juu huoni kitu, unasikia tu kaharufu kama mtu anachoma taka mtaa wa pili. Nilikasikia, nikafunga mlango, nikaenda zangu nyumbani. Saa nne usiku kijana wa genge akanipigia: "Bosi, kwako kunawaka."

Alikuwa ameshapiga 114, namba ya zimamoto. Alipoulizwa yuko wapi akajibu, "Majengo, ukifika kwa Mama Chipsi kata kushoto." Mama Chipsi mwenyewe alishahama kitambo! Na mdomoni mwa kichochoro ipo nguzo yenye jina la barabara, tuliwekewa wakati wa zoezi la anwani za makazi mwaka 2022, pamoja na vibao vya namba mlangoni. Kibao changu nilikuwa nimekifunika kwa bango la "Vitanda vya kisasa vipo". Ile nguzo dada wa mitumba alikuwa anatundikia masweta.

Gari lilipofika halikuingia. Kulia kulikuwa na mbao zangu za saiprasi, nilizozipanga nje ya ukuta miaka nenda rudi, kushoto Noah ya mpangaji mmoja. Askari hawakupoteza muda kubishana. Waliunga mpira kwa mpira wakaingia nao mbio, na muda wote huo moto unapanda. Maji yakaisha kabla moto haujaisha, gari likaondoka kujaza, na watu wakaanza wimbo wetu ule wa siku zote: "Wamekuja bila maji!" Mimi nilikuwa naimba kwa sauti kuliko wote.

Wiki mbili baadaye nikaenda kituoni kwao, moyoni nimejaa malalamiko. Sajenti aliyenipokea akanisikiliza hadi mwisho, kisha akavuta karatasi.

"Mzee wangu, gari likibeba lita 5,000, mpira ukitoa lita 500 kwa dakika, tutazima kwa dakika ngapi?"

"Kumi, afande."

"Na kama tumechelewa kukufikia, moto ulioutegemea uwe wa dakika kumi utakuwa bado wa dakika kumi?"

Hakuuliza mbao zile ni za nani. Nadhani alijua.

Nikamwomba anieleze kichochoro kiweje. Akaniambia gari lina upana wa kama mita mbili na nusu, lakini milango lazima ifunguke na watu wapite ubavuni na vifaa, na juu pia nitazame, nyaya na vibaraza vya mabati. Nikajiwekea mita nne. Sikutozwa hata senti, si kwa kuzimiwa moto wala kwa ushauri. Kinacholipiwa ni ukaguzi wa jengo la biashara na cheti chake, na hicho nilikuwa nakikwepa.

Kabla sijamfuata mtu yeyote nilihamisha mbao zangu. Siku tatu za mkokoteni, na kodi ya uwanja Njoro ambayo bado inaniuma. Ndipo nikamwendea mwenyekiti wa mtaa, akaitisha kikao. Dada wa mitumba alitoa masweta siku ileile. Mwenye Noah alinung'unika mpaka Mangi wa dukani alipomkubalia alaze gari uani kwake. Mgumu alikuwa fundi chuma. "Cheche zangu zina jina?" akaniuliza mbele ya watu, watu wakacheka.

Sikubishana naye. Kesho yake asubuhi nilijaza maranda kwenye karai, nikafukia kaa moja la moto katikati, nikaliweka mbele ya karakana yake. Mchana juu bado pakavu, pametulia. Alasiri nikapindua: ndani pekundu tupu. Alitazama, hakusema neno. Jumatatu nikakuta amehamishia meza ya grenda upande wa pili na amepandisha kozi sita za tofali. Mimi nami nafagia maranda kila siku saa tisa, nayatia kwenye magunia, wafugaji wa kuku wanayafuata kwa ajili ya kutandika bandani.

Nimenunua pia mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga wa kilo sita. Sajenti alinionya kwamba unaisha chini ya nusu dakika, kwa hiyo nilenge shina la moto, ndimi niachane nazo, na kila wiki nitazame kama mshale wa presha uko kwenye kijani. Vijana wangu nimewafanyisha mazoezi. Oktoba 2020 Kilimanjaro ulipowaka, tulisimama hapahapa usiku tukitazama ule mstari mwekundu mlimani, kila mmoja akifundisha jinsi ya kuzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika mtungi.

Kichochoro sasa kina mita nne, isipokuwa mbele ya geti la Meku, mzee wa nyumba ya mwisho. Nguzo yake imeingia barabarani, pale futi inasoma mita tatu na sentimita kumi. Nilimwamkia, nikamweleza, akanikaribisha chai. Anasema ataivunja mwanawe akishaolewa, kwa sababu mapambo ya harusi yatafungwa hapo. Harusi ni Desemba.