Nani Kabadili Kilo?

Msimu wa korosho wa 2022 ulikuwa umeshika kasi nilipoitwa Newala na uongozi wa chama kimoja cha msingi cha ushirika. Kwenye simu waliniambia mfumo unasumbua. Nilipofika nikakuta mfumo uko mzima: unaandika, unajumlisha, unachapa. Tatizo lilikuwa limesimama dirishani. Mzee mmoja mkulima alikuwa ameshika daftari la shule, na katikati ya kurasa zake ameilaza stakabadhi yake isikunjike. Karatasi inasema kilo 312. Kompyuta inasema 212, na malipo ya mnada yameingia benki kwa hesabu ya kompyuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Mimi sitaki maneno mengi. Niambie nani kabadili."

Hapakuwa na wa kumjibu. Programu ile iliandikwa kwa Node.js, yaani JavaScript inayoendeshwa kwenye seva, na fundi aliyekwisha kuondoka, na nywila ilikuwa moja tu, imeandikwa ukutani kwa kalamu ya wino mzito juu ya meza ya karani. Waliijua makarani wa msimu huu, waliijua wa msimu uliopita, na waliijua watu wa vyama vingine viwili vilivyotumia seva ileile. Nikafungua hifadhidata. Kilo mpya zipo, saa ya mabadiliko ipo. Jina la aliyebadili halipo.

Aliyeniuma zaidi ni karani wa mizani, mama mmoja mtu mzima ambaye macho ya kila mtu yalikuwa kwake. Yeye ndiye aliyepima, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshukiwa. Watu wengi wanadhani akaunti na nywila ni kwa ajili ya kuzuia wezi tu. Mimi siku ile niliona pia ni haki ya mfanyakazi mwaminifu: kazi yake ibebe jina lake, na ya mwenzake isibebe.

Nikaanza kwa kumpa kila mtu akaunti yake. Nywila zenyewe sikuzihifadhi, nilizipitisha kwenye bcrypt, njia ya kuzisaga nywila zisisomeke tena, iliyotolewa mwaka 1999 ambayo ni ya polepole kwa makusudi. Inamchanganyia kila mtu herufi zake za bahati nasibu, hata makarani wawili wakichagua nywila moja, kinachobaki kwenye hifadhidata hakifanani. Ukiongeza kiwango chake kwa moja, kazi inakuwa mara mbili. Nikapandisha hadi pale ambapo karani anasubiri kidogo bila kukereka, ila mtu anayetaka kukisia nywila mamilioni atachoka. Seshi nazo, yaani kumbukumbu za nani ameingia, nikazihamishia kwenye hifadhidata. Fundi aliyetangulia alikuwa ametumia hifadhi ya kawaida ya express-session, kifurushi cha kutunza seshi, ile inayokaa kwenye kumbukumbu ya programu, na walioitengeneza wenyewe wanaonya isitumike kwenye kazi halisi. Programu ikiwashwa upya kila mtu anatolewa nje, huku magunia yamepanga foleni mizanini.

Hapo wengi huishia. Nilitaka mama karani aone kwa nini haitoshi, nikamwambia aingie kwa akaunti yake mpya na afungue mzigo wowote. Akafungua. "Sasa, mama, badilisha hiyo namba ya mwisho kule juu kwenye anwani." Akabadilisha tarakimu moja, akabonyeza. Ukatokea mzigo wa chama jirani: jina la mkulima, kilo, daraja, benki. Akasogeza kiti nyuma kama aliyefungua mlango wa chumba cha watu.

Seva ilimjua yeye ni nani, lakini haikuuliza mzigo ule ni wa nani. OWASP, taasisi inayofuatilia usalama wa programu za wavuti, mwaka 2021 iliweka kasoro za namna hii namba moja kwenye orodha yake ya hatari kumi, wala sishangai. Nikaandika funksheni ya ukaguzi inayolinganisha chama cha mtumiaji na chama cha mzigo, nikaiweka mbele ya kila njia, yaani kila anwani ya seva inayopokea maombi. Express, mfumo uliojengewa programu ile, hupitisha ombi kwa mpangilio ulioandikwa, hivyo ukaguzi ukikaa chini ya njia ya kubadili kilo, kilo zitakuwa zimebadilika kabla haujafikiwa.

Ugumu wa kweli ulikuja na mwenyekiti. Aliingia kwa akaunti yake, akaona kila kitu, ila kitufe cha kubadili hakipo, maana kubadili nilikuwa nimewaachia karani na meneja tu.

"Mimi mwenyekiti, nakatazwa na mashine?"

Kabla sijafungua mdomo, mama karani akavuta kitabu cha stakabadhi. "Mwenyekiti, humu uliwahi kuandika? Tukikosea tunachora mstari, tunasaini, meneja anahakiki. Nakala haichanwi." Mwenyekiti akanyamaza, kisha akamwita mpwa wake aliyekuwa likizo kutoka chuo, ajaribu kupita. Kijana alikuwa mzuri. Hakukitafuta kitufe, alituma ombi la kubadili kilo moja kwa moja kwa seva akitumia kuki ya mjomba wake, ile alama ya kivinjari inayomtambulisha aliyeingia. Seva ikarudisha 403: nakujua, lakini hili si lako. Akajaribu bila kuki, ikarudi 401: sikujui. Akamtazama mjomba wake, akatikisa kichwa.

"Basi iwe hivyo," mwenyekiti akasema. "Na mimi nisiguse."

Mama karani akaandika marekebisho ya kilo 312 kutoka kwenye nakala ya karatasi, kwa jina lake. Meneja akayahakiki kwa jina lake. Ile 212 ikabaki chini yao ikionekana, maana nilikwisha kuondoa uwezo wa kufuta. Aliyeibadili hatukumjua, na mzee mkulima nilimwambia hivyo waziwazi. Akaomba achapiwe ukurasa wenye majina mawili, akaulaza kwenye daftari lake, akaenda kufuatilia malipo ya kilo zake 100.

Jioni tukapitia orodha ya watu. Makarani wawili wa msimu uliopita nao walikuwa wamepewa akaunti, na walikuwa wameingia kutoka kwenye simu zao. Nikazivunja seshi zao, na hiyo ndiyo sababu nilikataa kutumia tokeni za JWT, vibali vyenye saini ambavyo seva haivihifadhi, ambazo ukishazitoa huendelea kukubalika hadi muda wake uishe, labda uweke orodha ya kuzikataa. Akaunti zao sikuzifuta, nilizifunga tu, ili majina yao yabaki kwenye kazi watakayokuwa wameifanya humu. Mama karani akachukua kitambaa chenye maji, akaanza kusugua ule ukuta.