Usagaji kwanza: kahawa ya dele, plunja, koni na moka

Chukua kahawa nzuri ya Kilimanjaro iliyosagwa laini, ichemshe kwenye sufuria dakika kumi, uichuje kwa kichungi cha chai. Itatoka chungu kama shubiri, na lawama zote zitaiendea kahawa. Kahawa haina kosa. Unga laini hutoa kilichomo ndani yake upesi, unga wa chenga hutoa polepole, kwa hiyo kila chombo kinadai usagaji wake kulingana na muda ambao maji na kahawa vinakaa pamoja.

Ulimi ndio utakaokwambia umekosea wapi. Kahawa ikiwa chachu, imekubana mashavu kama ndimu, maji hayakupata muda wa kutosha: saga laini zaidi, au tumia maji ya moto zaidi. Ikiwa chungu na inakausha ulimi, umezidisha: saga chenga zaidi. Ikiwa nyepesi tu, haina ladha mbaya ila ni kama maji, ongeza kahawa. Watu wengi hapa huongeza muda, wakapata kikombe chepesi na kichungu kwa pamoja.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 kwa lita moja ya maji. Mizani ndogo ya jikoni inasaidia sana. Kama huna, kijiko cha chakula kilichosawazishwa kinabeba gramu 5 hadi 6 za kahawa iliyosagwa.

Maji ndiyo karibu yote yaliyomo kikombeni, kwa hiyo maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo mengi ya Dar es Salaam, yataiharibu hata kahawa bora. Tumia maji ya kunywa. Joto zuri ni nyuzi 90 hadi 96, na hapa mahali unapoishi pana maana. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, kwa hiyo epua, funua, subiri kama dakika moja ndipo umimine. Nairobi na Mbeya, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Huko mimina palepale, ukisubiri umepoteza joto unalolihitaji.

Sasa dele, lile birika la wauza kahawa. Kahawa ya barazani ni ya kuchomwa sana na kusagwa laini kama unga wa ngano. Kwa lita moja ya maji, ponda kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba na punje nne au tano za iliki, vichemke kwanza dakika tano. Kisha tia gramu 50 hadi 60 za kahawa, koroga, punguza moto. Povu litapanda. Usiliache limwagike, maana ndani yake mna harufu nyingi: inua dele, povu lishuke, rudisha. Fanya hivyo mara tatu, halafu weka pembeni ya jiko dakika tano mashapo yatulie. Mimina bila kutikisa na uache vidole viwili vya mwisho ndani ya chombo. Kahawa hii haitiwi sukari. Uchungu wake umekusudiwa, unapokewa na kashata, tende au halua, na ndiyo maana vikombe vyake ni vidogo. Uchungu usiokusudiwa ni ule wa kuungua, unaotokea dele linapokaa juu ya makaa makali saa nzima. Huo una harufu ya moshi na majivu, na tende haiufichi.

Robusta, aina ya kahawa inayolimwa Bukoba, inakaa vizuri sana kwenye dele, kwa kuwa ni nzito na haipotei mbele ya tangawizi. Kumbuka tu kwamba kafeini yake ni kama mara mbili ya ile ya arabika, aina nyingine ya kahawa, kwa anayekunywa baada ya isha.

Plunja, lile birika la kioo lenye kichujio cha kubonyeza, ndilo chombo ninachomshauri mtu aanze nacho. Saga chenga, kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Suuza kioo kwa maji ya moto, maana kioo baridi kinanyang'anya joto. Gramu 30, maji mililita 500, mimina yote, acha dakika 4. Juu litakuwa limejenga gamba nene: livunje kwa kijiko, vipande vizame, kisha engua povu lililobaki. Subiri dakika 4 nyingine, ndipo ubonyeze taratibu. Kahawa haitazidi uchungu kwa kusubiri huku, kwa sababu unga umezama na maji yameanza kupoa. Mkono wa plunja ukigoma kushuka, umesaga laini mno. Usilazimishe: kichujio kinaweza kuponyoka ghafla na kahawa ya moto ikakurukia. Inua kidogo, kisha bonyeza tena. Ukimaliza, hamishia yote kwenye chupa ya chai.

Anayesagia kwa blenda aipige kwa vipindi vya sekunde mbili mbili huku akitikisa, la sivyo chini patakuwa vumbi na juu punje nzima. Vumbi hilo ndilo linalotia tope plunjani. Lipepete kwa kichungi cha chai, ulihifadhi kwa ajili ya dele.

Koni ya karatasi, yaani karatasi ya kuchujia iliyowekwa ndani ya faneli juu ya kikombe, inataka usagaji wa kati, kama chumvi ya mezani. Lowesha karatasi kwa maji ya moto itoke harufu yake, uyamwage. Gramu 15, maji mililita 250. Anza na mililita 45, subiri sekunde 30 hadi 45. Tazama hapa kwa makini: kahawa mpya itaumuka kama andazi na kutoa mapovu, kwa sababu gesi iliyobaki tangu ilipochomwa inatoka. Isipoumuka, kahawa imezeeka au imesagwa siku nyingi. Mimina yaliyobaki kwa mizunguko midogo, awamu mbili au tatu, bila kugusa ukingo wa karatasi, maana maji ya pembeni hupita bila kukutana na kahawa. Yote iwe imeshuka kwa dakika 3 hivi. Ikipita dakika 4, saga chenga kidogo. Ikiisha kabla ya 2, saga laini. Arabika ya Kilimanjaro au Mbinga iliyochomwa wastani inajidhihirisha hapa kuliko kwenye chombo kingine chochote.

Moka ni birika la sehemu mbili, ambalo mvuke husukuma maji ya chini yapite kwenye kahawa hadi juu. Maelezo yake ni mafupi: maji ya moto kwenye sehemu ya chini, yasifike kwenye vali, kahawa laini kiasi ijae bila kushindiliwa, moto mdogo. Ikianza kukoroma, epua na upoze kitako chini ya bomba.

Anayekosa karatasi anaweza kutumia kitambaa cheupe cha pamba. Kichemshe kabla ya kukitumia mara ya kwanza, kioshe kwa maji ya moto bila sabuni, na kikae kwenye bakuli la maji safi ndani ya friji. Kikikauka na mafuta ya kahawa ndani yake, mafuta huchacha, na kila kikombe kitakachofuata kitanuka hivyo.